Afya ya ulimwengu huanzia ghalani

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu vinapofungua milango, huwako kundi la vijana waliochagua, au waliochaguliwa, kusoma somo ambalo wazazi wao hawakulisikia walipokuwa shuleni: afya ya ulimwengu. Nimelifundisha somo hili kwa miaka kadhaa, na siku ya kwanza huwaomba wanafunzi waandike, kila mmoja kwa kalamu yake, mahali ambapo wanadhani somo hili lina makao. Majibu hayatofautiani sana. Wengi huandika Geneva, wengine New York, na wachache waliosoma zaidi huandika Atlanta. Hajatokea bado aliyeandika jina la kijiji alikozaliwa.

Siwalaumu vijana hawa. Picha walizolelewa nazo ni za ndege zinazoshusha masanduku ya dawa, za mabwana waliovaa mavazi ya kujikinga, na za mikutano ambayo wakubwa hukaa mbele ya bendera. Hizo nazo ni sehemu ya somo. Hata hivyo, dai langu katika makala haya ni kwamba mlango wa somo hili uko mahali kama Kola, katika Kaunti ya Machakos, na kwamba chuo kinachomwingiza mwanafunzi kwa mlango mwingine humfundisha nusu tu ya somo, tena ile nusu iliyo rahisi.

Somo lenyewe limepitia majina matatu, na kila jina linatangaza tabia ya enzi yake. Waingereza walipofungua shule za Liverpool mwaka 1898 na London mwaka 1899, waliliita tiba ya nchi za joto. Shabaha yao kubwa ilikuwa kuwalinda mabaharia, askari na watawala wa makoloni, pamoja na nguvu za mikono waliyoitegemea. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Shirika la Afya Duniani lilipoundwa mwaka 1948, jina lililotawala likawa afya ya kimataifa: shughuli baina ya serikali na serikali, mwenye nacho akimpa asiye nacho. Jina la leo, afya ya ulimwengu, limebeba dai zito zaidi. Linasema kwamba sababu za maradhi hazisimami mpakani kugongewa muhuri, na kwamba hakuna nchi iliyoumbwa ili ifundishe daima wala nyingine iliyoumbwa ili ifundishwe daima. Dai hilo ni zuri mno. Swali ni kama tunalifundisha kwa vitendo, au tumebadilisha kibao cha mlangoni tu.

Kola ni soko dogo kusini mwa mji wa Machakos, kando ya barabara iendayo Wote, katika nchi ya vilima vya Kalama. Atokaye Machakos hupita kwanza Katumani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho jina lake linajulikana na wakulima wa nchi kavu kwa sababu ya mbegu ya mahindi iliyolibeba, mbegu ikomaayo upesi kabla mvua haijakatika. Kisha barabara huingia katika milima iliyokatwa matuta, mito ya mchanga ambayo maji yake huonekana siku chache tu baada ya mvua, na maboma ambayo kila moja lina ghala. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, na si nadra mojawapo kuahidi isitimize.

Mwanafunzi akitazama juu juu ataona umaskini wa kawaida na bidii ya kawaida, na atauliza ulimwengu u wapi hapo. Mwalimu mwema atamjibu kwa kumwelekeza ghalani.

Mwaka 1981, katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa ingali inajumuisha Makueni iliyotengwa mwaka 1992, njiwa walianza kuanguka na kufa. Wakafuata mbwa, ambao hula masalio ya chakula cha wenye nyumba. Halafu ikawa zamu ya watu: tumbo likauma, hamu ya chakula ikatoweka, homa ndogo ikaja, na baada ya siku chache macho yakageuka rangi ya manjano. Wagonjwa 20 walilazwa hospitalini, na 12 kati yao wakafa. Mahindi waliyokuwa wakila yalipopimwa, yalikutwa na sumu nyingi mno. Habari hizo ziliandikwa na madaktari na kuchapishwa mwaka uliofuata katika jarida mashuhuri la tiba, The Lancet la London.

Sumu yenyewe ni sumukuvu, ambayo wanasayansi huiita aflatoksini. Hutolewa na kuvu aishiye udongoni, aitwaye Aspergillus flavus. Jua likiunguza na mvua ikikatika wakati mahindi yanapoweka punje, mmea hudhoofika na kuvu hupata njia ya kuingia. Mahindi yakivunwa mabichi, au yakinyeshewa na kuhifadhiwa kabla ya kukauka, kuvu hustawi. Sumu yenyewe haionekani kwa macho wala haionjeki kwa ulimi, na moto wa jikoni hauimalizi: ugali ulioiva vizuri bado huwa nayo. Ikiliwa kwa wingi huliharibu ini katika muda mfupi. Ikiliwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, huandaa saratani ya ini.

Miaka 23 baada ya vifo vile, mwaka 2004, hospitali za Makueni zilianza kupokea wagonjwa wenye macho ya manjano. Kufikia Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameorodheshwa kuwa wagonjwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Wengine Machakos na Thika. Ulikuwa miongoni mwa mikasa mikubwa kabisa ya sumukuvu kuwahi kuandikwa duniani, na ulitokea katika nchi ile ile ya ule wa mwaka 1981.

Hapa ndipo mwanafunzi anapopaswa kujifunza namna ya kuuliza. Wachunguzi wa Wizara ya Afya ya Kenya, pamoja na wenzao kutoka kituo cha kudhibiti maradhi cha Marekani, hawakuridhika kusema kwamba mahindi yana sumu. Waliuliza swali ambalo ndilo moyo wa epidemiolojia: kwa nini nyumba hii na si ile? Walichukua wagonjwa 40, wakawalinganisha na watu 80 wa vijiji vile vile ambao hawakuugua. Walipima damu, walipima mahindi, wakauliza kila familia iliyahifadhi wapi mavuno yake. Ilidhihirika kwamba hatari ilikuwa kubwa kwa wale waliokuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba wanamoishi. Kiwango cha sumu kilichoruhusiwa nchini wakati huo kilikuwa sehemu 20 katika sehemu bilioni moja za nafaka. Mahindi ya baadhi ya nyumba yalikuwa na sehemu 4,400, yaani mara 220 ya kiwango hicho.

Mwanafunzi mvivu ataandika: wananchi hawakuhifadhi mahindi vizuri, waelimishwe. Mwanafunzi makini ataendelea kuuliza. Kwa nini mahindi yaliwekwa chumbani ilhali ghala lipo nje? Kwa sababu chakula kilikuwa haba na mwenye nacho aliogopa wezi. Kwa nini yalivunwa kabla ya kukauka? Kwa sababu ya njaa hiyo hiyo, na kwa sababu mvua ilikuja wakati usiotarajiwa. Kwa nini chakula kilikuwa haba? Kwa sababu ukame ulikuwa umeshavuna kabla ya mkulima, na ukame ule ule ndio uliomfungulia kuvu mlango. Mama aliyelaza watoto wake kando ya magunia yenye unyevu hakuwa mjinga. Alikuwa amepima hatari mbili, njaa aijuaye na sumu asiyoijua, akajikinga na ile aijuayo. Somo lolote la afya lisilomwezesha mwanafunzi kuuona uamuzi huo kwa macho ya mama yule halijamfikisha popote.

Wala sumu haikukaa nyumbani. Mwezi wa Mei 2004 zilikusanywa sampuli 350 za mahindi na unga kutoka kwa wachuuzi 243 katika masoko 65 ya wilaya zilizoathirika. Zaidi ya nusu, asilimia 55, zilizidi kiwango kilichoruhusiwa. Kwa hiyo hata aliyekuwa hana shamba, aliyenunua kilo mbili sokoni kwa pesa za kibarua, alikula sehemu ya mkasa huo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera. Baina ya mwaka 1981 na mwaka 2004, elimu ya sumukuvu ya Machakos haikupotea. Ilikuwa imechapishwa, imenukuliwa na kuhifadhiwa katika maktaba za vyuo vikubwa. Mwanafunzi wa London aliweza kusoma habari za ghala la Machakos, ilhali mwenye ghala hakuwa na njia ya kuzisoma. Elimu hiyo ilichukua takriban mwaka mmoja kusafiri kutoka vijijini kwetu hadi ughaibuni. Safari ya kurudi haikukamilika katika miaka 23, angalau haikukamilika kwa kiasi cha kuwaokoa watu 125. Nionavyo mimi, afya ya ulimwengu ndiyo elimu ya safari hiyo ya kurudi: kwa nini imekwama, nani ameikwamisha, na itafunguliwaje. Mengine yote ni maandalizi.

Tukishauliza hivyo, ulimwengu wote unaingia ghalani. Chukua historia ya sumu yenyewe. Ilipata kujulikana kwa sababu mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa chakula kilichochanganywa na karanga kutoka Brazil. Wafugaji wakapata hasara, maabara zikaingia kazini, na katika miaka michache tu sumu ikatambuliwa na kupewa jina. Siwalaumu wanasayansi wale. Kazi yao imeokoa watu wengi. Lakini mwanafunzi na ajiulize ni vifo vya nani vinavyoharakisha utafiti, na ni vya nani vinavyosubiri.

Chukua sheria. Leo Umoja wa Ulaya unaruhusu sehemu 4 tu za aflatoksini katika sehemu bilioni moja za nafaka iliyo tayari kuliwa, nayo Kenya imeteremka kutoka 20 hadi 10. Hatua hiyo yafaa kusifiwa. Ila viwango hivyo hulinda mahindi yanayouzwa, yanayosagwa viwandani na yanayovuka mpaka. Mahindi yanayotoka shambani kwenda ghalani, na kutoka ghalani kwenda chunguni, hayana mkaguzi. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, wakulima na wafanyabiashara wa pande zote wakahamaki, na baada ya siku chache marufuku ikaondolewa na masharti yakawekwa mahali pake. Katika kisa hicho kimoja mwanafunzi atapata biolojia, biashara, siasa za ujirani na bei ya unga. Ajaribu kuvitenganisha aone kama ataweza.

Chukua pia chanjo. Uchunguzi wa mwaka 2004 uligundua kwamba waliougua walikuwa na maambukizi ya homa ya ini aina ya B kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao ambao hawakuugua. Sumukuvu na virusi hivyo vikikutana katika ini moja, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hiyo mwishoni mwa mwaka 2001, kwa msaada wa Gavi, muungano wa chanjo uliozinduliwa mwaka 2000 na ambao ofisi zake kuu ziko Geneva. Naam, wanafunzi wangu hawakukosea kabisa walipoandika Geneva. Walichokosa ni kuona kwamba kuna kamba inayounganisha meza ya Geneva na gunia la mahindi la Kalama, na kwamba kamba hiyo huweza kuvutwa kutoka upande wowote.

Kwamba inaweza kuvutwa kutoka upande wetu si ndoto. Pale Katumani, kilomita chache tu kabla ya kufika Kola, kumejengwa kiwanda cha kutengeneza dawa ya kibiolojia iitwayo Aflasafe. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na hapa dawa ya kuvu ni kuvu. Katika udongo wetu wenyewe wako kuvu wa ukoo ule ule wasiotoa sumu. Watafiti waliwachagua hao, wakawapandikiza juu ya punje za mtama zilizouawa uhai, nazo punje hutawanywa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu wema huwahi nafasi na kuwasukuma kando wale wenye sumu. Fikra hii ilianzia katika mashamba ya pamba ya Arizona, ikaendelezwa Afrika na taasisi ya kilimo iliyoko Ibadan, Nigeria, na aina ya Kenya ikasajiliwa mwaka 2015. Mwanafunzi aone jinsi Arizona, Ibadan na Katumani zilivyoshirikiana, na aone pia kwamba bila kuvu wa udongo wa Kenya, aina hiyo ya Kenya isingalipatikana. Kisha aulize maswali ya upande wa mkulima: inauzwa bei gani, inapatikana duka gani, na nani atamweleza bibi asiyejua Kiingereza kwamba anatakiwa kununua kuvu ili ajikinge na kuvu?

Wala tusidhani kwamba kila suluhisho lapaswa kutoka maabara. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje za mahindi na chumvi kavu, tikisa, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na hayafai kuwekwa ghalani. Kipimo hicho ni cha bei ya chumvi. Kuanika mavuno juu ya turubai badala ya udongo, kuchambua punje zilizooza, na kukoboa mahindi kama wafanyavyo akina mama wa Ukambani wanapotayarisha muthokoi, ni njia ambazo hupunguza sumu, ijapokuwa haziimalizi. Watafiti wa Kenya wameyapima hata hayo ya muthokoi katika maabara. Elimu ya jikoni na elimu ya chuo ziliketi meza moja, na kila moja ikapata la kujifunza kwa mwenzake.

Kutoka ghalani, mwanafunzi ateremke mtoni. Mwaka 1978 ulimwengu ulikutana Alma-Ata, katika iliyokuwa Muungano wa Kisovieti, na wajumbe wa nchi 134 wakatangaza kwamba msingi wa afya ya watu ni huduma ya kwanza iliyo karibu nao, inayohesabu maji safi, chakula na lishe kuwa sehemu ya tiba, na ambayo watu wenyewe wanashiriki kuipanga. Mwaka huo huo, pasi na kungoja azimio hilo, majirani wa Utooni, karibu na Kola, waliunda kikundi cha kujisaidia wakiongozwa na marehemu Joshua Mukusya. Walirithi desturi ya mwethya, yaani ushirika wa kazi wa Wakamba, wakaitumia kujenga mabwawa ya mchanga.

Bwawa la mchanga ni jambo rahisi kulieleza na gumu kulijenga. Ukuta wa mawe na saruji huzibwa katika mto wa msimu, ukisimamishwa juu ya mwamba. Mafuriko huja na mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga maji hujificha, hata yakafikia asilimia 40 ya ujazo wake. Jua haliyanyonyi kwa urahisi, mbu hawapati mahali pa kutagia, na konokono wa kichocho hawana bwawa la wazi la kuishi. Maji huchujwa yanapopita, na mama aliyekuwa akitembea saa kadhaa akiwa na punda wake hupata kisima karibu. Saa hizo zilizookolewa hazimo katika takwimu za hospitali, lakini ni afya: ni mtoto aliyenawa mikono, ni bustani ya sukumawiki, ni msichana aliyefika shule mapema. Kikundi hicho kilikua kikawa shirika lenye makao Kola, na kwa ushirikiano na marafiki wa Uingereza mbinu hiyo imepelekwa hadi Msumbiji na India. Vivyo hivyo matuta ya milima hii huitwa fanya juu, na wataalamu wa udongo wa mataifa mbalimbali huliandika jina hilo hivyo hivyo kwa Kiswahili, kwa kuwa hawakuona haja ya kutafuta jingine. Huo nao ni ushahidi kwamba ulimwengu umewahi kuja kusoma kwetu.

Ulikuja pia kusoma maradhi. Kaskazini mwa Machakos, katika vijiji vya Kangundo, wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa Uingereza walifuatilia katika miaka ya 1980 watoto waliotibiwa kichocho na kurudi kuoga mitoni. Walitaka kujua kwa nini watoto huambukizwa tena upesi kuliko wakubwa. Kazi yao ilionyesha kwamba kinga hujengeka polepole kadiri umri unavyosonga, na kwamba kuwatibu watoto wa shule hupunguza mzigo wa maradhi. Mwaka 2001 Baraza la Afya Duniani liliziagiza nchi zenye kichocho zilenge kuwatibu angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa kwenda shule walio hatarini. Azimio lile lilitegemea kazi za nchi nyingi. Miongoni mwa kazi hizo yalikuwamo matone ya damu ya watoto wa Kangundo.

Najua yatakayosemwa. Kuna walimu wenzangu watakaosema kwamba haya ni mambo ya bwana shamba, na kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anahitaji hesabu, takwimu, malaria, Ukimwi na kifua kikuu. Ni kweli anavihitaji, na mimi huvifundisha. Lakini hesabu hufundishika vizuri zaidi pale ambapo kila tarakimu ina jina la kijiji. Linganisha wagonjwa 40 na majirani 80, na mwanafunzi atakuwa ameelewa mbinu ambayo ataitumia kesho kwa kipindupindu na keshokutwa kwa maradhi ambayo bado hayana jina.

Wengine watasema hakuna pesa za safari. Nauli ya kutoka Nairobi hadi Kola haifiki hata sehemu ndogo ya tikiti ya ndege ya kongamano moja. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kimefanya kwa miaka mingi mpango wa kuwapeleka wanafunzi wake wa udaktari katika vituo vya afya vya mashambani, kama sehemu ya masomo yenyewe. Jambo hilo limewezekana, linawezekana kwingine.

Hoja nzito zaidi ni ya wanakijiji wenyewe. Wamechoka na wageni wenye madaftari. Huja, huuliza mama ana watoto wangapi na choo chake kiko wapi, huondoka, na jibu halirudi. Wana haki ya kuchoka. Kwa hiyo naomba walimu tuweke masharti kabla ya kumpeleka mwanafunzi yeyote Kola au pengine popote. Kwanza, asikilize kabla ya kuandika, maana mwenyeji ameshafikiri juu ya maji na mahindi yake kwa miaka mingi kuliko umri wa mgeni. Pili, asikae siku moja. Aone msimu wa kupanda na msimu wa kuvuna. Tatu, na hili ndilo kubwa, asipewe alama yoyote kabla matokeo ya kazi yake hayajasomwa barazani mbele ya waliomjibu, kwa Kikamba au kwa Kiswahili, na wao wapewe nafasi ya kuyakosoa. Ripoti ya Kiingereza kwa ajili ya profesa ifuate baadaye.

Sharti hilo la tatu litaonekana dogo. Lakini lau lingalikuwa desturi ya kila utafiti tangu mwaka 1981, kila baraza la chifu la wilaya ile lingalijua habari za njiwa na mbwa waliokufa kabla ya watu. Sidai kwamba hakuna ambaye angalikufa mwaka 2004, kwa maana njaa ingalikuwapo na wezi wangalikuwapo. Nadai kwamba mama yule angalizipima hatari zote mbili akizijua, na huenda majirani wangalipanga ulinzi wa maghala kwa mwethya, kama walivyopanga ujenzi wa mabwawa.

Ndugu mwanafunzi unayeanza somo hili mwaka huu, huenda siku moja ukakaa Geneva mbele ya bendera ya nchi yako. Nakutakia hivyo, kwani meza zile zina haja ya watu waliokwisha kushika punje yenye unyevu mkononi. Ila kabla hujaomba pasipoti, fanya jaribio hili. Nenda kwenu, uliza ni maradhi gani yaliyowahi kuchunguzwa hapo, na nani alichunguza. Kisha tafuta maktabani kilichoandikwa. Ukikipata, kitafsiri katika lugha ya mama yako, ukamsomee mwenye ghala. Utakuwa umeanza kazi, na mwalimu wako hatakuwa na sababu ya kukukatalia alama.